Meno ya binti yangu kwa nusu kaputi, hapa Moshi

Kama unalea mtoto mwenye epidamolisisi bulosa, ule ugonjwa wa kurithi wa ngozi inayochubuka na kutoka malengelenge kirahisi, na meno yanamsumbua, hospitali ya rufaa tuliyokwenda hapa Moshi inaijua kazi hii. Kasoro ninayo moja, nitaisema.

Binti yangu ana miaka 9. Ana aina ile inayoacha makovu: hitilafu iko kwenye jeni ya COL7A1, kwa hiyo kolajeni aina ya 7, protini inayoshikiza ngozi ya juu na ya chini, haifanyi kazi yake. Ukimsugua kidogo tu anatoka malengelenge. Mdomoni ni hivyo hivyo. Kinywa hakifunguki vizuri, ulimi umenata chini, mswaki unamuumiza, chakula chake ni laini siku zote, basi meno yanaoza. Kliniki ya kwanza walitaka manesi wamshike mikono wakati anachomwa ganzi. Nikambeba tukaondoka. Mtoto huyu ukimshika kwa nguvu unamchuna.

Aliyenituliza moyo ni daktari wa usingizi. Alituita mapema, akakaa na sisi, akauliza: "Mama, vidonda vipya viko wapi? Ngozi yake inavumilia nini?" Nikamwambia plasta hapana, ya aina yoyote. Akaandika. Siku yenyewe binti alipanda kitandani mwenyewe, hakuna aliyemvuta. Kinyago kilipakwa vaselini ukingoni, chini ya kipimo cha presha wakazungushia pamba, na sindano ya mshipani ikafungwa kwa bandeji tupu. Nilikaa naye mpaka akalala. Yaliyofuata nilielezwa baadaye: macho yalitiwa mafuta ya dawa badala ya kubandikwa, na mpira wa kupumulia ulikuwa mwembamba kuliko wa umri wake, umepakwa kilainishi, ukafungwa kwa utepe wa kitambaa. Daktari wa meno naye aliziba, akang'oa na kupaka floridi kwa mkupuo mmoja, ili mtoto asirudishwe kwenye usingizi bila sababu.

Kasoro ilikuwa chumba cha kuamkia. Zamu ilikuwa imebadilika, na nesi aliyeingia akaja na plasta mkononi ili abandike pamba pale ilipotoka sindano. Nilipiga kelele, akaacha, akaomba radhi. Simlaumu yeye, hakuna aliyemwambia. Lakini maelekezo yale mazuri yangebandikwa kwenye kitanda, yakamfuata mtoto kila anakopelekwa, hata mama akiwa ametoka kwenda kulipia. Hili nimewaambia na nitaendelea kuwaambia.

Alitoka na lengelenge moja la mdomo wa chini, likapona. Jioni alikunywa mtori uliopoa, akaomba mwingine.

Ukienda, omba kuonana na mtu wa usingizi kabla hujapangiwa tarehe, si asubuhi ya siku yenyewe. Na ubebe bandeji zisizonata ambazo ngozi ya mwanao imeshazizoea, kwa sababu tulizokuta wodini hazikutosha.