Tathmini ya Discord kama chombo cha kuwasimamia wanaokaidi kanuni katika jumuiya za maigizo ya maandishi

Jumuiya za maigizo ya maandishi, ambamo kila mwanachama humwandikia mhusika wake maneno na matendo na wenzake wakamjibu kupitia wahusika wao, zimejikusanya kwa wingi ndani ya Discord, programu iliyoanza mwaka 2015 kama mahali pa wachezaji wa michezo ya kompyuta kuzungumza. Tathmini hii inahusu jambo moja tu la programu hiyo: zana inazompa msimamizi pale mwanachama anapoamua kwamba kanuni za jumuiya hazimhusu. Ninashiriki kusimamia seva (yaani uwanja wa jumuiya moja ndani ya Discord) ya Kiswahili ya aina hii, ambayo hadithi yake inatokea katika mji wa bandari wa kubuni, na ninayoyaeleza yametokana na kazi hiyo. Naipa Discord nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imekosekana kwa sababu nzito: zana zake zinaujua ujumbe lakini hazilijui igizo, na makosa yanayoua igizo mara nyingi hayana neno baya hata moja.

Wengi wetu katika Afrika Mashariki tulianza kuigiza kwa maandishi ndani ya makundi ya WhatsApp, na tofauti inaonekana mara moja. Kwenye WhatsApp, ukiacha uwezo wa kufuta ujumbe, msimamizi hubaki na njia mbili: kumtoa mkosaji kabisa, au kulifunga kundi zima ili wasimamizi peke yao waandike, jambo linalowaadhibu wasio na hatia pamoja na mwenye hatia. Discord imejaza pengo lililo katikati. Tangu Desemba 2021 inamruhusu msimamizi kumnyamazisha mwanachama mmoja kwa sekunde 60, dakika 5, dakika 10, saa 1, siku 1 au wiki 1, na kwa kutumia boti, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye seva ili ifanye kazi yenyewe, muda huo unaweza kufika siku 28. Aliyenyamazishwa huendelea kusoma, ila hawezi kuandika, kuweka emoji wala kuingia katika mazungumzo ya sauti. Kwa watu wa maigizo, kuendelea kusoma huko kuna thamani kubwa, kwa sababu hadithi haimpiti, na siku akirudi hana haja ya kusimuliwa yaliyotokea. Zamani wasimamizi walilazimika kuunda cheo (alama anayopewa mwanachama inayobeba ruhusa zake) cha watu wasioruhusiwa kuandika na kukirekebisha chaneli baada ya chaneli, yaani katika kila chumba cha mazungumzo cha seva; ikisahaulika chaneli moja, mkorofi alihamia huko.

Kwa maoni yangu, muda wenye manufaa zaidi ni siku 1. Dakika 10 zinatosha kupoza hasira za ugomvi uliozuka papo hapo, lakini kwa mtu aliyekwisha kuonywa hazina uzito wowote, na wiki nzima humfanya ajitafutie jumuiya nyingine. Siku moja humpa nafasi ya kusoma maelezo aliyotumiwa. Hapa lazima niseme wazi kwamba maelezo hayo ni juu yako wewe msimamizi kumtumia: ipo nafasi ya kuandika sababu ya adhabu, lakini maandishi hayo hubaki kwa wasimamizi na hayamfikii aliyeadhibiwa. Anachokiona yeye ni kwamba amenyamazishwa. Asipoelezwa na mtu ni kanuni ipi aliyoivunja, atarudi na kinyongo na kuivunja tena.

Zana ya pili ni kichujio cha Discord yenyewe, kiitwacho AutoMod, kilicholetwa mwaka 2022. Kichujio hiki husoma ujumbe kabla haujaonekana na kinaweza kuuzuia, kutuma taarifa kwenye chaneli ya wasimamizi, au kumnyamazisha mwandishi, na unaweza kuchagua hatua moja bila nyingine. Kwa Kiswahili, usitegemee orodha za maneno zilizotayarishwa. Andika yako mwenyewe, na uiandike kwa uangalifu kwa sababu lugha yetu hubeba viambishi mbele na nyuma. Ukiandika «pumbavu» peke yake, kichujio kitalisaka neno hilo kamili na kuwaacha «mpumbavu», «wapumbavu» na «upumbavu» wapite. Ukiweka alama ya nyota pande zote mbili, yaani «*pumbavu*», yote yatanaswa. Lakini jaribu kufanya hivyo hivyo kwa tusi la «mbwa», na «*mbwa*» itaanza kuzuia sentensi zisizo na kosa kama «nahodha aliombwa asubiri», «kijiji kilikumbwa na njaa» na «wimbo uliimbwa usiku kucha», kwa kuwa «mbwa» imejificha ndani ya vitenzi chungu nzima vya kutendwa. Tusi kama hilo liandikwe bila nyota, na hata hivyo ukumbuke kwamba katika hadithi za watu kuna mbwa wa kweli wanaobweka uani.

Hapo ndipo ugumu wa kichujio katika maigizo unapoonekana vizuri. Askari mkatili wa kubuni ana haki ya kumwita mfungwa mpumbavu, kwa kuwa ndivyo alivyotungwa, na mchezaji wa mfungwa huenda alifurahia tukio hilo kuliko matukio yote ya wiki. Neno hilo hilo likiandikwa katika chaneli ya mazungumzo ya kawaida, mchezaji kwa mchezaji, ni tusi linalostahili adhabu. Kichujio hakitofautishi mambo hayo mawili, ila kinakuruhusu kuziacha nje baadhi ya chaneli. Napendekeza sheria mbili tofauti: moja inayozuia ujumbe katika chaneli zilizo nje ya igizo, na nyingine, kwa ajili ya chaneli za igizo, inayotuma taarifa tu bila kuzuia kitu, ili binadamu asome na kuamua. Idadi ya sheria za maneno unazoweza kuunda ni 6, kwa hiyo mgawanyo huu unatosha bila kubanana.

Makosa makubwa zaidi, hata hivyo, hayanaswi na kichujio cha aina yoyote. Chukua tukio la kawaida katika seva yetu. Mwanachama mmoja anamwandika nahodha wa jahazi, na mwingine anamwandika haramia. Wa pili anaandika: «Haramia anaruka jahazini, anamkata nahodha mkono, na nahodha anapiga magoti akiomba roho yake.» Sentensi ni safi, hata imeandikwa vizuri, lakini mwandishi wake amemwamulia mwenzake mhusika aliyemtunza kwa miezi. Kanuni ya msingi ya maigizo ni kwamba unaandika jaribio lako, na mwenye mhusika ndiye anayeandika matokeo. Kosa la pili, ambalo wachezaji huliita metagemingi, ni la mhusika kujua mambo ambayo ni mchezaji tu anayeyajua, kama haramia anayefika moja kwa moja kwenye pango lenye hazina kwa sababu mchezaji wake alisoma chaneli ya watu wengine. Kwa makosa haya Discord haikupi kitu chochote cha kuyagundua. Inachokupa ni ruhusa: unaweza kuifanya chaneli ya pango ionekane kwa wenye cheo fulani tu, na hapo metagemingi inakosa pa kuanzia. Nayahesabu mamlaka hayo ya vyeo na ruhusa kuwa ubora mkubwa kuliko kichujio chote, kwa kuwa yanazuia kosa kabla mtu hajashawishika kulitenda.

Nyota niliyoinyima programu hii inahusu pia kumbukumbu. Discord ina kumbukumbu za ukaguzi zinazoonyesha msimamizi yupi alimfungia nani (yaani kumtoa na kumzuia asirudi) na lini, lakini huhifadhiwa kwa siku 45 tu, na hazina daftari la maonyo. Mtu aliyeonywa Januari kwa kumwamulia mwenzake mhusika, akaonywa tena Aprili, mbele ya msimamizi mgeni ataonekana kama mtu safi. Vilevile, mwanachama akiufuta ujumbe wake mwenyewe, kumbukumbu hizo hazionyeshi chochote, na wakaidi wenye uzoefu wanalijua hilo: huandika, humuumiza mtu, kisha hufuta. Boti za watu wengine kama Carl-bot na Dyno huziba pengo hili kwa kuweka hesabu ya maonyo na kunakili ujumbe uliofutwa kwenye chaneli ya wasimamizi. Zinafanya kazi hiyo vizuri, lakini naona si haki kwamba jambo la msingi kama onyo lililoandikwa litegemee boti ya nje, inayosoma mazungumzo ya wanachama wako na inayoweza kusitishwa wakati wowote. Waelezeni wanachama wenu kwamba ujumbe unaofutwa hunakiliwa. Ni haki yao kujua, na mkaidi akijua hivyo hufikiri mara mbili.

Boti nyingine inayohitaji kutajwa ni Tupperbox, ambayo jumuiya nyingi za maigizo haziwezi kuishi bila hiyo. Mwanachama huandika ujumbe wake kwa alama aliyoichagua, boti huufuta na kuuandika upya ukiwa na jina na picha ya mhusika. Inapendeza sana kusoma, ila kwa usimamizi inaleta tatizo, kwani ujumbe huo mbele ya Discord si wa mwanachama tena. Ukitaka kujua ni nani aliyeuandika, weka emoji ya alama ya kuuliza juu yake, na boti itakutumia jibu kwa faragha. Kila msimamizi mpya afundishwe jambo hili siku ya kwanza.

Kuhusu mlango wa kuingilia, nina machache. Discord inaweza kumlazimisha mgeni akubali kanuni kabla ya kuandika, na wengi hubofya bila kusoma. Desturi ya zamani ya kuficha neno fulani katikati ya kanuni, na kumtaka mgeni aliandike anapomwombea mhusika wake idhini, bado inashinda kitufe hicho kwa mbali. Ngazi ya juu kabisa ya uthibitisho humtaka mgeni awe na nambari ya simu iliyothibitishwa, na kwa kuwa nambari moja haiwi kwenye akaunti mbili kwa wakati mmoja, aliyefungiwa hawezi kurudi kirahisi kwa akaunti mpya. Katika nchi zetu kizuizi hiki kina nguvu zaidi, maana laini husajiliwa kwa kitambulisho, na Tanzania imekuwa ikisajili kwa alama za vidole tangu mwaka 2019. Ni kweli watu wengi wana laini mbili au tatu. Hata hivyo mkaidi wa kawaida hachezei laini inayopokea fedha zake kwa ajili ya ugomvi wa maharamia wa kubuni.

Lipo kosa moja ambalo halina ngazi za maonyo, nalo ni mtu mzima kumvuta mtoto katika matukio ya kimapenzi, iwe kwa kisingizio cha mhusika au bila kisingizio. Discord inaruhusu watumiaji kuanzia umri wa miaka 13 katika nchi nyingi, kwa hiyo watoto wamo katika seva zetu, na wengine ni waandishi hodari kuliko sisi. Katika hali hiyo msimamizi asikimbilie kufuta. Bonyeza ujumbe wenyewe na uuripoti kwa Discord kwanza, kwa sababu ujumbe uliofutwa huwanyima wachunguzi kitu cha kuangalia. Piga picha ya skrini. Kisha mfungie mtu huyo mara moja na uzungumze na mtoto kwa upole, ukimhakikishia kwamba hana kosa. Sehemu ya kuripoti ni rahisi kuifikia hata kwa simu, na kwa hilo Discord inastahili sifa.

Kufungia ndiyo hatua ya mwisho, na ina mtego wake. Unapomfungia mtu, programu hukuuliza kama ungependa kufuta ujumbe wake wa hadi siku 7 zilizopita. Kwa mtu aliyemwaga matangazo ya utapeli, futa bila kusita. Kwa mwanachama wa igizo, nashauri usifute, kwa sababu majibu ya wenzake yatabaki yakimjibu mtu asiyekuwepo na tukio zima litapoteza maana kwa walioliandika kwa bidii. Na yale aliyoyaandika kupitia Tupperbox hayataguswa hata hivyo, kwa kuwa si yake machoni pa programu. Baki na maandishi, kisha mwandikie mhusika wake safari ya mbali au kifo cha heshima, kwa makubaliano ya wachezaji waliokuwa naye katika tukio.

Aliyefungiwa haoni tena seva wala chaneli ya kulalamikia, na Discord haimpi njia ya rufaa ndani ya seva yako. Sisi tunatumia fomu ya mtandaoni ambayo kiungo chake humfikia mwanachama kwa ujumbe wa faragha kabla ya kufungiwa, kwa kuwa baadaye huenda msiwe na seva nyingine ya pamoja ya kumwandikia. Fomu inauliza kanuni iliyovunjwa, maelezo yake mwenyewe, na jina la mhusika anayetaka kurudi naye. Husomwa na msimamizi ambaye hakutoa adhabu. Rufaa ikikubaliwa, mtu huondolewa kwenye orodha ya waliofungiwa na kutumiwa mwaliko mpya, lakini vyeo vyake vya zamani havirudi vyenyewe, kwa hiyo mmoja wetu humrudishia kimoja kimoja, akianza na kile kinachofungua chaneli za igizo.