Mvinyo wa kuletewa nyumbani Tanga: kizibo, kifuniko cha kuzungusha au boksi?

Maduka ya vinywaji ya Tanga mjini yanayopeleka mvinyo majumbani yanafanya kazi karibu sawasawa. Unapiga simu au unatuma ujumbe WhatsApp, unalipa kwa lipa namba au mzigo ukifika, boda anapiga honi getini. Kwa kasi hatuna ugomvi nao. Kuanzia Chumbageni hadi Raskazone au Sahare, mji wenyewe si mkubwa. Shida iko kwenye ufungaji, na hapo namna chupa ilivyozibwa inaamua mengi kuliko jina lililoandikwa kwenye lebo. Kwa huduma hii na kwa joto hili, tunaweka kifuniko cha kuzungusha mbele, boksi, yaani mvinyo uliowekwa kwenye mfuko wa plastiki ndani ya kadibodi, linafuata kama kuna wanywaji wa kutosha, na chupa ya kizibo tunaiagiza pale tu tunapojua imekaa wapi.

Tuanze na kizibo, maana ndicho kinacholalamikiwa zaidi. Kizibo cha asili kinatokana na gome la aina ya mwaloni ambalo Ureno inaongoza duniani kwa kulivuna. Kina kipenyo cha milimita 24 na kinabanwa mpaka kiingie kwenye shingo yenye milimita 18.5 hivi. Kule kubanwa ndiko kunakozuia hewa, na joto ndilo linalokuja kuharibu kazi hiyo. Chupa ya mililita 750 ikitoka nyuzi 20 ikafika 40, mvinyo wa ndani unatanuka kwa takriban mililita 4 hadi 5, na nafasi iliyopo chini ya kizibo nayo ni ya mililita chache tu. Hewa iliyobaki inabanwa, kizibo kinasukumwa juu, matone yanapenya pembeni. Usiku ukipoa, chupa inavuta hewa kurudi ndani. Siku kadhaa za hivyo kwenye rafu inayopigwa na jua la mchana, mvinyo mweupe unageuka rangi ya chai na mwekundu unabaki na ladha ya zabibu kavu zilizopikwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba picha ya shingo ya chupa, si ya lebo. Angalia kama kizibo kimevimba juu ya mdomo au foili imeinuka katikati, na kama kuna mchirizi unaonata chini ya foili. Kisha linganisha kiwango cha mvinyo na chupa nyingine za aina hiyohiyo: iliyopungua kuliko wenzake iache. Muuzaji anayekataa kupiga picha amekwisha kukujibu.

Kuna wanaokataa chupa kwa sababu tu ilisimama dukani badala ya kulazwa. Kwa Tanga hiyo ni hofu ya kuazima. Hewa ya pwani ina unyevu wa kutosha, na ndani ya chupa kuna unyevu tele hata ikiwa imesimama, kwa hiyo miezi michache wima haikaushi kizibo. Mahali ilipokaa ndipo pa kuuliza: stoo ya ndani yenye kivuli inafaa, dirisha la kioo linalotazama magharibi halifai. Ila ukizibua ukakutana na harufu ya boksi lililoloa au gazeti la stoo, hapo usimlaumu boda wala jua. Hiyo ni TCA, kemikali inayotoka kwenye kizibo chenyewe, na kiasi chake ni kidogo mno lakini pua inainasa. Haina dawa. Rudisha kizibo, rudisha chupa ikiwa bado imejaa, na duka lenye adabu litabadilisha.

Kifuniko cha kuzungusha bado kinadharauliwa na watu wanaodhani ni alama ya mvinyo wa bei poa. Dharau hiyo imepitwa na wakati. Australia na New Zealand zinafunga hivyo hata mvinyo wao wa bei kubwa. Kifuniko cha kawaida ni cha alumini, upana milimita 30 na urefu 60. Kinachozuia hewa hapo si zile nyuzi za kuzungushia, ni kile kibamba laini kilichogandishwa juu kwa ndani na kukandamizwa kwenye mdomo wa chupa. Ndiyo maana ubonyeo wa pembeni kule chini hauna neno, lakini uliogonga ukingo wa juu unaweza kuwa umeachanisha kibamba na kioo. Pitisha kidole juu ya ukingo huo unapopokea. Tazama pia vile vikonyo vyembamba vinavyounganisha kifuniko na sehemu ya chini: vikiwa vimekatika, chupa imefunguliwa au imegongwa, usiipokee.

Kuna kero moja ndogo. Wakati mwingine unazungusha na kifuniko chote kinazunguka pamoja na sehemu yake ya chini bila kukatika. Shika sehemu ya chini kwa nguvu, mkono mwingine uzungushe chupa kutoka kitako. Ukishakunywa, funga na uweke kwenye friji. Siku tatu hadi tano mvinyo mweupe unabaki mzuri. Na hapa kizibuo hakihitajiki, jambo ambalo wengi hulikumbuka saa mbili usiku maduka yakifungwa.

Boksi la lita 5 ni sawa na chupa sita na theluthi mbili, na uzito wake ni kilo tano na kidogo. Chupa sita za kioo zinafika kilo saba na nusu na zinagongana. Kwa boda, boksi ndilo rafiki. Teknolojia yake imetoka Australia mwaka 1965, na kazi yake ni rahisi: mfuko wa ndani unasinyaa kadiri unavyochota, hewa haipati pa kuingia. Likiwa kwenye friji, mvinyo unakaa wiki nne mpaka sita tangu kufunguliwa. Likiwa juu ya kabati la jikoni kwenye joto la Februari, usitegemee nusu ya muda huo.

Lina maradhi mawili. La kwanza ni mtikisiko: mfuko ukikunjwa na kukunjuliwa safari nzima, utando wake unapata vitundu visivyoonekana. Kwa hiyo boksi lililolainika kona au lenye doa la unyevu chini lirudi lilikotoka, na mfuko uliovimba kama mto usinywe. La pili ni mtu mwenyewe kushindwa kulifungua. Bonyeza kipande chenye alama za vitundu, vuta koki itoke nje kabisa mpaka shingo yake ikae kwenye ufa wa kadibodi, halafu ndipo utoe kile kipande cha usalama. Ukichota koki ikiwa imelala nusu ndani, mvinyo unamwagikia kwenye kadibodi, boksi linalegea na kesho yake linaanguka lenyewe. Lita ya mwisho, toa mfuko nje na uubane kwa mkono.

Muda wa kukaa dukani pia uangalie. Boksi ambalo halijafunguliwa limekadiriwa kwa miezi, si miaka, kwa kuwa plastiki inapitisha hewa polepole. Soma tarehe. Mvinyo wa boksi ukifika Tanga nao uwe waja leo waondoka leo.

Sasa boda. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, chupa nyingi zinakuja kwenye mfuko mbadala unaoning'inia kwenye usukani. Chupa moja yenye kilo moja na robo inabebeka. Tatu zinakata mishikio, na kila tuta zinabusiana. Kreti ya bia si suluhisho: chupa ya mvinyo ina urefu wa sentimita 30 hivi, inajitokeza juu na kuyumba. Dai boksi la kadibodi lenye vigawanyo, lile ambalo mvinyo uliingia nalo dukani, lifungwe kwa kamba ya katani kwenye siti ya nyuma, chupa zikiwa zimesimama. Katani Tanga haijawahi kuadimika. Boksi lililofungwa linampa pia mteja stara yake, maana si kila jirani anahitaji kujua umeagiza nini, hasa uswahilini. Agiza baada ya saa kumi na moja jioni. Chupa iliyozunguka juani saa nane mchana imeshapata joto lote tulilolieleza.

Mlangoni, kabla boda hajageuza pikipiki: stempu ya kielektroniki ya TRA iwepo na isiwe imechanika, risiti ya EFD iambatane na mzigo, na mtu wa kupokea awe ametimiza miaka 18. Maduka mengi hawaulizi umri. Hapo tunawapunguzia alama bila huruma.

Wanaoagiza mvinyo wa Dodoma kwa basi wajue kuwa buti la basi ni tanuri. Mzigo unapita Morogoro, Chalinze na Segera kabla ya kushushwa stendi ya Kange, kwa hiyo omba usafiri usiku na uufuate mapema. Ukifika, chupa nyekundu iweke friji dakika 20 hadi 30. "Joto la chumba" linaloandikwa kwenye lebo si hili letu la nyuzi 30.

Mvinyo wa mapovu ndio pekee tunaoshauri uufuate mwenyewe dukani ukiwa na deli la barafu. Ndani yake kuna mgandamizo wa angahewa tano mpaka sita, na joto likichanganyika na mtikisiko, unakaribia kufunguka wenyewe. Ukilazimika kuletewa, ulaze friji kwa muda wa saa tatu kamili kwanza. Kisha kidole gumba juu ya kizibo, legeza waya kwa nusu mzunguko mara sita bila kuuondoa, shika kizibo kwa nguvu na uzungushe chupa, mdomo ukielekea ukutani na si kwa wageni.