Mita ya elfu 35 imeniokoa kununua betri ya tatu

Nina kaboti kangu ka faiba futi 19, injini ya nje hp 60, nakalaza Kunduchi, wikiendi tunaenda kisiwa cha Mbudya na familia au nazamisha mshipi kidogo. Ndani ya miezi saba nilishabadilisha betri mbili. Kila boti ikigoma fundi anakuja, anagusagusa, anasema bosi betri imekufa hii, mi natoa hela. Mara ya mwisho imegomea Mbudya jua linazama, stata inalia tik tik tik basi, watoto wana njaa, tukavutwa na ngalawa ya wavuvi yenye kiinjini hadi nyumbani, aibu hata nisiseme.

Kesho yake nikaenda Kariakoo nikachukua mita ya kidijitali ya kupimia umeme, ile yenye koleo la kubana waya. Umeme sijasomea. Betri nikaichaji usiku kucha, asubuhi inasoma volti 12.7, yaani imejaa, sasa imekufaje? Nikamwambia dogo piga stata, huku mi nimegusisha ncha za mita kwenye vichwa vya betri, ikashuka mpaka 11.4. Hiyo betri nzima kabisa, ingeshuka chini ya 9.6 ndo ningesema imechoka. Nikahamia kwenye stata yenyewe nikamwambia piga tena: 8.9! Volti mbili na nusu zimeliwa njiani.

Hapo ndo nikaipenda hii mita. Ncha moja unaiweka mwanzo wa kipande cha waya, nyingine mwisho wa kipande hichohicho, mtu anapiga stata, mita ikisoma kikubwa ujue mwizi yupo hapo. Upande wa negativu 0.2, sawa. Positivu waya wa kwanza 0.1, wa pili 0.1, afu swichi kubwa ya kuzimia betri 2.1. Kwa nje swichi inang'aa kama ya dukani, kuifungua, shaba yote kijani kama mchicha, na nati moja naizungusha kwa kidole. Na yule fundi hajawahi hata kuigusa!

Nimeweka swichi mpya, vichwa vyote nikavipiga msasa, nikakaza, ndo nikapaka mafuta ya mgando juu. Na kama tangi lako la petroli liko chini kama langu fungua vifuniko ngama, yaani tumbo la boti huko chini, ipate hewa kwanza, cheche moja tu hapo utahadithiwa.

Sasa ubaya wake. Muuzaji aliniapia inapima kila kitu, kumbe koleo linasoma umeme wa AC tu, ule wa nyumbani, ukibana waya wa betri inakaa sifuri inakutazama. Kwa hiyo kutafuta nini kinanyonya betri boti ikiwa imelala ilibidi nikate njia ya waya nipitishe umeme ndani ya mita, nikakuta amplifaya ya mziki inakula ampea 0.4 hata ikiwa imezimwa, hizo ni karibu 10Ah (ampea-saa) kwa siku, betri yangu ya 70Ah wiki haimalizi. Afu nikajisahau, nikapiga stata mita ikiwa bado humohumo, fyuzi ya ndani ikaenda. Kioo nacho juani husomi kitu, dogo anakaa ananikingia kofia.

Nyota nne. Yule fundi juzi kaja kuiazima.