Uzoefu wangu: Instagram na Flickr kwa mpiga picha wa harusi Unguja

Kazi yangu kubwa ni harusi za hapa Unguja, hasa upande wa wanawake: siku ya hina, singo (kusingwa bibi harusi kwa manukato), kupambwa kwa bibi harusi, ukumbi wa kina mama. Humo mwanamme hapiti na kamera, kwa hiyo wapiga picha wa kike hatukosi kazi. Lakini picha zangu nzuri kuliko zote ndizo zisizoweza kutoka nje. Bibi harusi yuko kichwa wazi, shangazi zake wanacheza kwa raha zao wakijua waliomo ni wanawake watupu. Nikiziposti, harusi ya pili siitwi, na sistahili kuitwa.

Instagram niliifungua mwaka 2016, nikaanza na mikono. Hina na piko mpaka kiwikoni, bangili za dhahabu, upindo wa kanga. Uso hakuna. Hata hiyo mikono siiweki bila ruhusa, na ruhusa naiomba mara mbili, kabla ya harusi na tena fungate ikishakwisha, kwa sababu mtu aliye katika pilikapilika za harusi hukubali kila anachoulizwa. Wengi wanaridhia. Mmoja alinambia, "Dada, pete hii mtaa mzima unaijua," nikaiacha picha ile.

Jambo lililonipa wateja si wingi wa picha wala hashitegi. Ni kuwataja watu. Kila picha ya mkono namtaja aliyechora hina, mshoni wa gauni, mpambaji wa ukumbi. Wao wanaiweka kwenye kurasa zao, na wateja wao ndio hao hao ninaowatafuta mimi. Mchora hina mmoja wa Mwanakwerekwe peke yake alinipatia harusi tano katika msimu mmoja. Yeye alikuwa hajawahi kuwa na picha ya kazi yake iliyopigwa kwa mwanga mzuri. Mimi sikuwa na mtu wa kunitaja mbele ya bibi harusi. Tukafaana.

Upande wa ufundi, jua tu kwamba Instagram huonesha picha kwa upana wa pikseli 1080. Michoro ya hina ni myembamba, kwa hiyo ninaipunguza picha mwenyewe kwenye kompyuta na kuinoa kidogo kabla ya kuipakia. Picha ya wima hujaza skrini ya simu kuliko ya mlalo. Basi, hayo yanatosha kuanzia.

Flickr, mtandao wa kuhifadhi na kuonesha picha, ni nyumba nyengine kabisa. Ilianza Vancouver mwaka 2004, na tangu 2018 iko chini ya SmugMug, kampuni nyengine ya kuhifadhi picha. Akaunti ya bure inabeba picha na video 1,000. Picha inakaa kwa ukubwa wake wa asili, na ukipenda inaonesha kamera, lenzi, kasi ya shata na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga). Kwangu mimi niliyejifunza bila skuli, hapo ndipo palikuwa darasani. Naiona picha nzuri ya ukumbi wenye giza, naangalia aliyeipiga alitumia nini, jioni najaribu sebuleni.

Makundi yake ndiyo niliyoyapenda zaidi. Niliwahi kuuliza kwenye kundi moja nifanyeje ngozi za watu zisigeuke zambarau chini ya taa za rangi za ukumbini. Nikaambiwa nipige RAW (faili ghafi, kamera haijaigusa rangi), nipange rangi ya mwanga kwa mkono, na fleshi niielekeze kwenye dari. Nikaeleza kwamba nyumba zetu za Mji Mkongwe dari ni boriti za mikoko, nyeusi, zinaumeza mwanga wote. Mzee mmoja wa Ureno akanijibu: basi geuzia kwenye ukuta wa chokaa, na ukuta huo usipokuwepo mwambie mtu akushikie shuka jeupe. Mpaka leo shuka hilo limo kwenye mkoba wangu.

Na Flickr ndiko ninakoweka picha za mji. Nina za Beit el Ajaib nilizozipiga mwaka 2018 kutoka Forodhani, bila haraka, nguzo za chuma moja moja na roshani zake. Jengo hilo ni la zama za Sultan Barghash, lilijengwa mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaanguka, na watu wakapoteza maisha. Wiki ile nililia, kisha nikaanza kupata ujumbe kutoka kwa wanafunzi wa usanifu majengo wakiuliza kama ninazo nyengine. Nilikuwa nazo, zenye tarehe, kwa ukubwa wa asili, wakazichukua.

Hapo kwenye kuchukua, ngoja niseme kwa urefu kidogo, maana ndipo nilipoumia. Picha zangu za mwanzo niliziwekea leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuitumia picha, hata kwa biashara, mradi ataje jina la mpigaji. Sikuisoma vizuri. Hoteli moja ya pwani ikatumia picha yangu ya ngalawa kwenye tangazo, jina halipo. Niliwaandikia kwa adabu, nikawatumia ukurasa wa picha yenyewe na leseni yake, wakaliweka jina langu. Malipo sikudai, kwa kuwa ruhusa ya biashara niliitoa mimi, na leseni hiyo aliyekwisha kuitumia humnyang'anyi maadamu anafuata masharti yake. Picha za baadaye nimeweka leseni isiyoruhusu biashara, na za wateja haki zote zimehifadhiwa. Soma leseni kabla hujagusa kitufe. Na uzime mahali: simu huandika ndani ya picha ilipopigwa, na ukiipakia hivyo, nyumba ya mtu inaweza kuonekana kwenye ramani.

Kwa kutafuta kazi, naipa Instagram nyota nne kati ya tano. Kwa kutunza kazi na kujifunza, Flickr naipa nne na nusu. Mpiga picha anayeanza leo afungue zote mbili, lakini asiweke kitu kimoja kote.

Kutokana na ile mikono ya hina, mabinti wawili wa Pemba waliniandikia wakitaka kujua nilianzaje. Wakaja na wengine. Sasa tuko sita kwenye kundi la WhatsApp. Picha tunatumiana kama faili ili zisipungue ubora, tunakosoana, na baada ya Idi, harusi zinapogongana, anayezidiwa humpa mwenzake kazi pamoja na fleshi ya kuazima.