Stika ya vinyl kwenye redio mbili za marehemu babu, moja imekubali moja imenitia aibu

Hapa kwetu mtaa wa Ng'ambo, Unguja, nna redio mbili za urithi ambazo hamna mtu anazitaka ila mie. Moja ni Pye kubwa ya valvu (zile taa za kioo za ndani zilotumika kabla ya transista), ile ya kukaa juu ya kabati, sanduku lake plaiwudi limebandikwa vinia kwa juu, yaani ganda jembamba la mbao halisi. Ya pili ni Roberts ya mkono, ina mpini, kisanduku cha mbao kimevishwa reksini nyekundu, kitambaa cha mfano wa ngozi, ambayo kwa uchakavu ishakuwa rangi ya tende. Kwa hadithi za nyumbani hiyo Pye ndo babu akisikilizia Sauti ya Unguja na Redio Cairo ya Kiswahili miaka ya 50, baraza nzima imejaa watu na kahawa. Roberts mie mwenyewe naikumbuka vizuri, mwaka 2008 umeme ulipokatika Unguja karibu mwezi mzima, tv kimya, friji kimya, ndo ilotutoa upweke, ile betri yake kubwa ya volti 9 hatukuipata popote kaka akaunga betri sita za kawaida kwa waya, moja na nusu mara sita ndo tisa hiyo hiyo, ikaimba.

Sasa zote mbili zilikuwa zinatia huruma. Nikaona kwenye video watu Ulaya huko wanavisha redio za zamani hii vinyl ya kubandika yenye gundi kwa nyuma, unabandua karatasi unabandika, nikasema kumbe rahisi hivi. Nikenda sokoni Darajani nikapata rolo ya rangi ya mbao, upana sentimita 45 urefu mita 5, elfu 15 baada ya kubishana, haina jina la maana. Na dada alokuwa anakuja kutoka Maskati nikamuagizia vinyl ya d-c-fix, nyeusi ya mfano wa ngozi, ile ya Kijerumani, nayo upana 45 lakini mita 2 tu. Kwa redio mita 2 zinatosha na zinabaki.

Naanza na Pye mana ndo nlofanya pupa. Nilichomoa vifundo vya kuzungushia, nikatoa chesisi yote nje, ile sahani ya chuma yenye mitambo (hapa nisimame kidogo, kama redio yako ni ya zamani ya valvu usiichezee ikiwa kwenye plagi, nyengine chesisi yenyewe ina umeme wa ukutani, na hata ukichomoa, zile kapasita zinazoweka umeme ndani zinabaki na chaji, mpe fundi aitoe, si aibu). Nikapiga kitambaa kikavu, vumbi likatoka, nikaona safi. Nikabandika. Siku ya kwanza, wallahi, mke wangu kapita kasema we umenunua mpya? Nikavimba kichwa.

Siku ya tatu malengelenge. Si kimoja si viwili, juu pote. Nikatoboa kwa sindano nikabonyeza hewa ikatoka, asubuhi yamerudi. Nilipomuuliza mama akacheka, akanambia miaka yote ile redio kila ikikaribia sikukuu ilikuwa inapigwa mafuta ya nazi ing'are! Na ukiongeza udi na ubani unaofukizwa chumba kile kila Ijumaa, mbao ishakunywa mafuta ya miaka 40, gundi gani itashika hapo. Hii gundi ya stika inataka mahali pakavu, pasafi, palaini, mafuta kidogo tu haishiki. Kosa langu hilo, silitupii rolo.

Lakini rolo nayo ina lake. Nilipoiwasha Pye saa nzima kujaribu, valvu zinatoa joto jingi, sehemu ya juu karibu na matundu ya kupumulia ile vinyl ikawa laini kama ulimi, ikajivuta ikarudi nyuma kama milimita mbili tatu, ikaacha mstari wa gundi pembeni ambao baada ya wiki umeshika vumbi jeusi. Plastiki ikipata moto inajikunja, ndo tabia yake. Na ile picha ya mbao inajirudia, jicho la mbao lile lile liko kushoto, liko katikati, liko kulia, ukishaliona huwezi tena kutoliona. Fundi wa redio alipokuja kurudisha chesisi kaitizama kimya halafu kaniuliza, "Sasa hii umeivisha koti la mvua kwa nini?" Sikuwa na jibu.

Kuitoa sasa. Niliipasha moto na drayari ya nywele ya mke wangu ndo ikakubali kubanduka, lakini pahala pawili imeondoka na vinia yake, vipande kama ukucha. Hapo niliumia kweli. Gundi ilobaki nimeitoa kwa kitambaa cha mafuta ya taa kisha spiriti. Kwa hiyo mtu akiniuliza mie, redio yenye vinia ya mbao halisi, hata iwe imefubaa vipi, usiibandike stika, isafishe, ipige vanishi, bas. Mbao inarekebishika, vinia ilong'oka hairudi.

Roberts sasa ni habari nyengine kabisa, na ndo inayonifanya niandike, mana tangu mwanzo ilikuwa imevishwa, huifichi mbao ya mtu, unambadilishia nguo tu. Safari hii nlijifunza adabu. Reksini ya zamani nikaitoa yote, watu wanabandika juu yake, usifanye, kila mkwaruzo na kila ncha ilochanika inaonekana chini ya nguo mpya. Ile gundi ya zamani nililaza kitambaa cha maji ya moto dakika kumi kumi ikalainika, nikakwangua kwa kisu cha siagi. Chini nikakuta vishimo vya mdudu na kona moja imeliwa. Nikachanganya unga wa mbao na gundi nyeupe ya seremala, nikaziba, ikakauka, msasa wa 120 halafu 240 mpaka ukipitisha kidole macho umefumba hujui wapi palizibwa. Kisha vanishi nyepesi mara mbili kwa sababu mbao tupu inanyonya, na unyevu wetu huu, masika ile hewa unaweza kuikamua, mbao inavuta maji inavimba gundi inaachia. Makopo yanasema kesho imekauka. Mie nilingoja siku nne, na sijutii.

Kubandika kwenyewe d-c-fix tamu. Karatasi ya nyuma ina mistari ya sentimita kwa hiyo kukata huhitaji uhandisi, rula na wembe mpya (mpya, si ule ulokatia kamba). Nikakata ukanda mmoja mrefu unaozunguka sanduku zima, nikaanzia chini, mshono ukaishia chini pia, ukiiweka mezani hakuna anaeuona. Usibandue karatasi yote kwa mara moja utajibandika mwenyewe, nilikwenda sentimita tano tano, mkono mmoja unavuta karatasi mmoja unasukuma kwa kadi ya ZanID, kitambulisho chetu, nlofunga kitambaa, kutoka katikati kwenda pembeni, hewa inatoka yenyewe. Penye tundu la spika nilipitisha juu kwanza kama hapana kitu, halafu nikachana kutoka katikati kama unavyokata chungwa, vile vipembe nikavikunjia ndani. Safi mno. Mpini nikauacha na ngozi yake ya zamani, una alama ya mkono wa babu, nani atathubutu.

Kaka alikuwa anataka niweke ile stika ya jikoni ya kung'aa, ya alumini, ile wanaweka nyuma ya jiko mafuta yasirukie ukuta. Nikamkatalia. Redio kama hii antena yake ya masafa ya kati ni kile kijiti cheusi cha feraiti ndani ya sanduku, ukikizungushia alumini pande zote umeifunga jela, haisikii kitu. Plastiki tupu haina neno, stesheni ni zile zile nlizokuwa nazipata, kabla na baada.

Pabaya pa Roberts ni kona. Kona ya mviringo inataka joto na subira, unapasha kidogo na drayari, unavuta kidogo, unabonyeza mpaka ipoe, ukiizidisha joto inakonda na ule mfano wa ngozi unapotea inabaki inang'aa kama kiatu cha shule. Tatu zimekubali. Ya nne, ya nyuma kulia, ile ilokuwa imeliwa na mdudu, inanyanyuka ncha. Nilipaka gundi ya makochi kwa kijiti cha meno, ikakaa miezi miwili, joto la kaskazi lilipoanza ikanyanyuka tena. Fundi makochi wa mtaani ananambia ningenunua reksini ya kweli na gundi yake kona ingekaa miaka, na naamini anasema kweli, ila reksini kwa kisanduku kidogo hivi ni nzito, kwenye mikunjo inatuna, na bei yake kwa mita haifanani na hii.

Kwa hiyo d-c-fix kwenye sanduku lililokuwa limevishwa tangu zamani naipa nyota nne, ile moja imebaki kwenye kona. Rolo ya rangi ya mbao kwenye redio ya valvu naipa nyota mbili, na moja kati ya hizo ni kwa sababu shangazi kaja kuichukua mita tatu zilobaki kavisha mlango wa friji lake lilopata kutu na hapo, siwezi kukataa, imependeza. Imepita miezi saba na haijanyanyuka popote, friji halijawahi kupakwa mafuta ya nazi.

Pye iko uchi kwenye kabati inangoja vanishi. Roberts iko dirishani, kila alfajiri mama anaifungulia taarifa ya habari, na mie nikipita kwenda kazini nabonyeza ile kona ya nyuma kwa kidole gumba.