Nano ya kopi yenye CH340: bei nzuri, ila pini ya 3.3V usiiamini

Ninayoizungumzia ni kopi ya Arduino Nano (bodi ndogo ya kuprogramu ya kuendeshea vifaa vya kielektroniki), yenye ATmega328P, chipu kuu inayoendesha programu, na chipu ya USB ya CH340G, isiyo na nembo ya Arduino. Nimeitumia kwenye vihisi joto, relei na redio ndogo, na kwa bei yake naipendekeza kwa moyo mmoja.

Kompyuta ya Windows isipoitambua, weka draiva ya CH340. Ikitambulika lakini programu ikagoma kupanda kwa ujumbe wa "not in sync", nenda kwenye Tools ya Arduino IDE (programu ya kuandikia kodi), kisha Processor, uchague Old Bootloader. Kopi nyingi bado zina butiloda (programu ndogo ndani ya chipu inayopokea kodi yako) ya zamani inayozungumza kwa kasi ya 57600, wakati chaguo la kawaida la siku hizi ni 115200.

Shida kubwa ni pini ya 3.3V. Nano asilia inaipata kutoka kwenye FT232RL, chipu yake ya USB, kikomo mA 50. Kwenye kopi imeungwa kwenye mguu wa V3 wa CH340G, ambao upo kwa ajili ya chipu yenyewe, si kulisha vifaa vya nje. Redio ya nRF24L01 inayokula kama mA 13 itawaka vizuri, halafu data ianze kupotea ovyo, na watu wanahangaika na kodi ya programu isiyo na kosa lolote. Ile yenye antena ndefu hula zaidi ya mA 100, hiyo usiijaribu hapo kabisa. Weka AMS1117-3.3, kidhibiti volti, ukiilisha kutoka pini ya 5V, kapasita ya µF 22 kwenye mguu wake wa kutoa umeme, na nyingine ya µF 10 iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye miguu ya redio.

Pini ya 5V nayo ipime kwa mita. Ukitumia USB utakuta kama 4.7V, kwa sababu umeme unapita kwenye diodi. Kodi ikidhani ni 5.0V, kihisi joto cha LM35 kilicho kwenye nyuzi 25 kitasomeka karibu 26.6. Dawa ni analogReference(INTERNAL), yaani kupima kwa kutumia volti ya rejea ya ndani ya chipu, kisha pima volti halisi kwenye pini ya AREF na uiandike hiyo kwenye kodi, maana 1.1V inayotajwa kwa rejea hiyo hutofautiana kati ya chipu na chipu. Pini za A6 na A7 ni za analogi tu. Usiunge swichi hapo ukategemea digitalRead.

Kuhusu uhalali, kopi kama hii si feki. Michoro ya Nano imetolewa kwa leseni ya CC BY-SA (leseni huria ya Creative Commons), hivyo kutengeneza na kuuza kunaruhusiwa. Kinacholindwa ni jina na nembo ya Arduino, na bodi iliyobandikwa nembo hiyo bila ruhusa ndiyo feki, mimi siinunui.

Ukiibadilisha michoro hiyo ukatengeneza bodi yako na kuigawa au kuiuza, wataje waliotangulia na utoe mafaili yako kwa leseni ileile. Yatoe mafaili yanayoharirika, kwa mfano ya KiCad (programu ya kuchora bodi), kwani PDF haimsaidii anayetaka kusogeza kipande kimoja. Kwa bodi uliyoichora mwenyewe tangu mwanzo ningechagua CERN-OHL, leseni ya vifaa huria ya CERN, toleo la 2 la mwaka 2020, kwa kuwa limeandikwa mahsusi kwa vifaa: aina ya S inadai mabadiliko yabaki wazi, P haidai hivyo, W iko katikati. Leseni yenye NC iepuke kama unataka kuiita bodi yako chanzo huria, maana inakataza biashara, na ufafanuzi wa vifaa huria hauruhusu katazo hilo.