Unanunua Kenichi? Chukua vipindi vyote 50, OVA zisubiri

Karibu kila mwezi kuna mtu ananiuliza swali lile lile: "Kaka, Kenichi ninunue ipi?" Nawaelewa. Kenichi ni anime, yaani katuni ya Kijapani, na ukilitafuta jina hilo kwenye maduka ya mtandaoni unakutana na msimu wa kwanza nusu ya kwanza, msimu wa kwanza nusu ya pili, msimu wa pili, kasha la vipindi vyote, OVA (vipindi vilivyotengenezwa kuuzwa kwenye diski bila kurushwa kwenye televisheni), diski za Kijapani, na juu ya hayo manga, yaani vitabu vya hadithi ya picha, yenye juzuu 61. Asiyejua anaweza kulipia kitu kimoja mara mbili, au akaanzia katikati na kuona hadithi haina kichwa wala miguu. Katika anime zote za shule na mapigano, hii ndiyo naipenda kuliko nyingine, na inaniuma kuona mtu anaikosa kwa sababu alinunua vibaya.

Shijo Saikyo no Deshi Kenichi, ambayo nje ya Japani inauzwa kwa jina la Kenichi: The Mightiest Disciple, imetokana na manga ya Syun Matsuena iliyokuwa ikitoka katika jarida la Weekly Shonen Sunday kuanzia 2002 hadi 2014. Anime ya televisheni ilitengenezwa na studio ya TMS Entertainment, mwongozaji akiwa Hajime Kamegaki, na TV Tokyo ikairusha kuanzia Oktoba 2006 hadi Septemba 2007. Ni vipindi 50 vilivyokwenda mfululizo karibu mwaka mzima. Kule Japani ilikuwa kazi moja. Habari ya "msimu wa kwanza" na "msimu wa pili" ililetwa na Funimation, kampuni ya Marekani inayouza anime, ilipoigawa kwa ajili ya DVD: vipindi 26 huku, 24 kule. Ukilijua hilo tu, nusu ya mkanganyiko imekwisha.

Namba moja: kasha la vipindi 50

Kama fedha yako inatosha kitu kimoja, nunua hiki. Sababu yangu inatoka ndani ya hadithi yenyewe.

Kenichi Shirahama ni mwanafunzi wa sekondari, mpole, yuko kwenye klabu ya bustani, na wenzake wamempa jina la Funyaken, yaani Kenichi mlegevu. Anakutana na Miu Furinji, msichana mgeni shuleni, ambaye anamfundisha hatua chache za miguu za kumzunguka mpinzani. Hizo tu, hatua za miguu. Baadaye anafika nyumbani kwao Miu, kwenye dojo (nyumba ya mafunzo ya mapigano) la Ryozanpaku, na huko wanamchukua walimu ambao kila mmoja ni bingwa wa njia yake ya kupigana: Akisame Koetsuji wa jujutsu, Shio Sakaki wa karate, Kensei Ma wa kempo ya Kichina, Apachai Hopachai wa muay thai, Shigure Kosaka wa silaha, na juu yao wote mzee Hayato Furinji, babu yake Miu. Jina Ryozanpaku lenyewe ni matamshi ya Kijapani ya Liangshan, kinamasi walikojificha wapiganaji 108 wa hadithi ya kale ya Wachina. Ni nyumba ya watu walioshindikana kwingine.

Kijana huyu hana kipaji. Walimu wanamwambia hivyo wazi, usoni. Anachokipata anakipata kwa kuvuta tairi huku Akisame ameketi juu yake, kwa kubeba sanamu za mawe, na kwa kupigwa na Apachai ambaye hajui kupiga polepole. Kila kipindi kinaongeza punje moja kwenye kibaba. Kisha siku moja unamwona ametoa pigo lake mwenyewe, Mubyoshi, maana yake "bila mdundo", alilolisuka kwa kuchanganya karate, jujutsu, kempo na muay thai. Aliyeyaona mafunzo yote manne tangu mwanzo atasimama kitini. Aliyenunua nusu ya pili peke yake ataona ngumi tu, kama ngumi nyingine.

Nitatoa mfano mmoja zaidi, wa Ikki Takeda. Huyu alikuwa bondia, mkono wake wa kushoto ukafa, naye kwa uchungu akajiunga na genge la Ragnarok. Anapigana na Kenichi juu ya paa la shule, anashindwa, na wakati anaporomoka kutoka paani, Kenichi yule yule aliyekuwa akitandikwa dakika chache kabla anamdaka na kukataa kumwachia. Baadaye anapelekwa Ryozanpaku, na Akisame, ambaye pia ni mganga wa mifupa na neva, anamtibu mkono. Tukio hili liko mapema, katika nusu ya kwanza. Takeda unayemwona baadaye akisimama bega kwa bega na Kenichi hawezi kukugusa moyo kama hukumwona akining'inia pale.

Mimi nilifanya karate miaka minne nikiwa kijana, na sijaona anime nyingine inayouheshimu uchovu wa mazoezi kiasi hiki.

Namba mbili: misimu miwili, lakini kwa pamoja

Kasha kamili lisipopatikana, nunua makasha mawili ya misimu, yote siku moja. Usijidanganye kwamba utanunua wa pili mwakani. Bidhaa za aina hii huisha sokoni, na ya pili ikiadimika bei yake hupanda kuliko kasha zima. Yale matoleo ya kwanza yaliyogawanywa nusu nusu, yaani misimu miwili ikawa vipande vinne, yanafaa tu kama mtu anakuuzia vyote vinne kwa mkupuo. Soma namba za vipindi nyuma ya kava kabla ya kulipa: 1 hadi 26, halafu 27 hadi 50. Pengo lolote hapo, achana nayo.

Namba tatu: manga

Wengi wangeweka OVA hapa. Mimi hapana. Anime ya televisheni inamaliza vita vya Ragnarok, genge la vijana ambao vigogo wake wanane wamejipa majina ya miungu na mashujaa wa Skandinavia: Odin, Thor, Loki, Freya na wenzao. Lakini hapo hujavuka hata theluthi ya kwanza ya manga. Mbele yake kuna YAMI, mabingwa wa njia ya kuua, na wanafunzi wao wanaoitwa YOMI, na ndipo hadithi inapouliza swali lake zito: je, mtu anaweza kushika njia ya kutoua na bado akasimama mbele ya wanaoua? Jibu kamili liko kwenye karatasi.

Kwa wasomaji wa Kongo, Burundi na wengine mnaosoma Kifaransa, mna bahati: kampuni ya vitabu ya Kurokawa ya Ufaransa iliitoa manga hii kwa Kifaransa. Anza na juzuu la kwanza hata kama umeshaiona anime, kwa sababu Matsuena anachora misuli na mkao wa miili kwa uangalifu ambao televisheni ya 2006 haikuweza kuufikia.

Namba nne: OVA

OVA ni 11, zilitoka kati ya 2012 na 2014. Studio ilibadilika, ikawa Brain's Base, na picha zake ni safi kuliko za televisheni. Zinaingia kwenye habari za YOMI, lakini zinaruka sehemu kubwa ya manga, hivyo wahusika wapya wanatokea kama wageni waliofika harusini bila kutambulishwa. Kuna jingine linalonigusa. Tomoko Kawakami, aliyekuwa sauti ya Miu kwa Kijapani, alifariki Juni 2011. Kwenye OVA Miu ana sauti ya mtu mwingine. Anayeigiza anafanya kazi nzuri, lakini baada ya vipindi 50 sikio linajua.

Ukinunua diski za Kijapani zilizouzwa pamoja na juzuu za manga, fahamu kwamba diski za namna hiyo kwa kawaida hazina maandishi ya tafsiri ya Kiingereza chini ya picha. Ni za mkusanyaji anayejua Kijapani au anayetaka kava tu.

Kabla ya kulipa: deki yako inasoma nini?

Hapa ndipo watu wanapolia, nami nililia. Niliagiza kasha langu la kwanza kwa muuzaji wa ng'ambo, mzigo ukakaa njiani wiki sita, nikalipa ushuru, nikafungua kwa furaha, nikaweka diski kwenye deki. Skrini nyeusi, na maandishi madogo kwamba diski hii si ya eneo lako. Muuzaji hakuwa ameliandika hilo popote, nami sikuuliza.

DVD zimegawanywa kwa maeneo. Diski ya Marekani ni eneo la 1. Japani na Ulaya ni eneo la 2. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo ziko eneo la 5. Oman na nchi za Ghuba ziko eneo la 2 pamoja na Japani, kwa hiyo ndugu zetu wa Maskati wanaweza kukuta diski ya Kijapani inakubali pale ambapo ya Marekani inagoma. Lipo pia suala la mfumo wa picha: Marekani na Japani hutumia NTSC yenye mistari 480, sisi tulizoea PAL yenye mistari 576. Televisheni nyingi za kisasa zinasoma zote mbili, zile za mgongo mrefu ndizo zinazokupa picha isiyo na rangi.

Suluhisho rahisi ni deki inayosoma maeneo yote, na madeki mengi ya bei nafuu yanayouzwa mijini kwetu yako hivyo tayari. Nenda dukani na diski yoyote ya Marekani, ijaribu pale pale. Ukitumia kompyuta, angalia: kidrivu cha DVD hukuruhusu kubadili eneo mara tano tu, na ukifika mara ya tano kinajifunga hapo hapo. Usibofye "ndiyo" ovyo.

Kwenye hesabu yako ongeza usafirishaji, ushuru, na VAT, ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Mara nyingi kasha moja kubwa linakuja kwa gharama ndogo kuliko mawili madogo yaliyotumwa mbalimbali, na hiyo ni sababu nyingine ya namba moja kuwa namba moja.

Kuna wanaoniambia siku hizi diski za nini, si tuna intaneti. Nawajibu kwa tukio moja. Waliokuwa wakinunua diski za Funimation walipata namba ya siri ya nakala ya mtandaoni, wakaambiwa ni yao daima. Tarehe 2 Aprili 2024 huduma ya Funimation ya mtandaoni ilifungwa baada ya kuunganishwa na Crunchyroll, huduma nyingine ya kuangalia anime, na nakala zile zikapotea. Waliokuwa na diski kabatini bado wanaangalia.

Kuhusu sauti: diski za Marekani zina Kiingereza na Kijapani zote. Tomokazu Seki kwa Kijapani anampa Kenichi kilio cha mtu aliyechoka kweli, mimi nasikiliza hiyo. Josh Grelle kwa Kiingereza ni mzuri pia, na kama unaangalia na wadogo zako wasiofuata maandishi haraka, weka Kiingereza. Ila wadogo wawe wamevuka utoto. Mwalimu Ma ana tabia ya kupiga wasichana picha kwa siri, na nguo za Miu zimechorwa kumvutia mtazamaji wa kiume. Mzazi akae karibu.

Ukitaka ndugu wa Kenichi, Tenjho Tenge ya studio ya Madhouse ya 2004 ina vipindi 24, ni nzito na ya giza zaidi. Ikki Tousen ilianza 2003 na ina misimu kadhaa, lakini nguo zinachanika kuliko ngumi zinavyorushwa. Hiyo simnunulii mtu zawadi.

Jihadhari na makasha yanayodai "maeneo yote" huku vipindi 50 vimebanwa kwenye diski tatu, kava limefifia kama fotokopi, na maandishi ya Kiingereza yanaita mhusika mmoja majina mawili. Hizo ni za kughushi, na picha inapasuka vipande vipande kila watu wanapoanza kupigana.

Mzigo ukifika, usianze na kipindi cha kwanza. Toa diski ya mwisho, nenda moja kwa moja kipindi cha 50, iache icheze dakika mbili bila kutazama sana usije ukajiharibia mwisho, kisha fanya hivyo kwa kila diski ukirudi nyuma. Yenye mkwaruzo utaigundua siku hiyo hiyo, wakati muuzaji bado analazimika kukubadilishia.